Njia ya Puani

Tezi ya pituitari ni ndogo kama punje ya njegere. Lakini uvimbe wake ukikua na kupanda juu, hubana mishipa ya fahamu ya macho, mgonjwa akawa anajigonga bega milangoni kwa kutoona pembeni.

Heko kwa madaktari wanaoufuata kupitia puani! Hermann Schloffer alithubutu mwaka 1907 kule Innsbruck. Harvey Cushing akaiendeleza njia hiyo, kisha akaiacha. Norman Dott wa Edinburgh hakuiacha, na uaminifu wake hunigusa sana. Jules Hardy wa Montreal akaleta hadubini.

Wanakwangua polepole, ateri kubwa zikidunda kushoto na kulia, kisha wanaziba tundu kwa mafuta ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaozinduka wakiuona ukuta mzima.