Usiuache Waya

Shangazi yangu alitolewa kwenye chumba cha taratibu saa tano asubuhi, mfuko wa plastiki ukining'inia ubavuni, na mkojo ndani yake una rangi ya juisi ya ubuyu. Nilishtuka. Muuguzi wa zamu akautazama mfuko, akautazama uso wa shangazi, akaniambia rangi hiyo ni ya kawaida kwa siku moja au mbili, mradi hakuna mabonge ya damu na mkojo unaendelea kutiririka. Hakuwa na haraka. Saa moja baadaye shangazi akaomba blanketi. Wodi nzima ilikuwa inajipepea kwa kadi za kliniki. Muuguzi yule yule alifika kitandani kabla sijalipata hilo blanketi.

Kwangu mimi lilikuwa ombi la mtu mzima anayetaka kubembelezwa. Kwake ilikuwa taarifa. Alipima joto, akahesabu pumzi huku jicho moja liko kwenye saa, akafunga mkanda wa presha. Meno ya shangazi yalianza kugongana. Daktari alipoingia, damu ya kuotesha vijidudu ilikuwa imeshachukuliwa na dripu inakimbia. Kilichobaki ni yeye kuamua antibiotiki gani.

Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeibana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo ukakwama, ukavunda. Kwa hali kama hiyo daktari wa tiba radiolojia hupenyeza sindano kutokea mgongoni hadi ndani ya figo akiongozwa na ultrasaundi, kisha waya, kisha mrija wa kutolea mkojo nje. Willard Goodwin na wenzake walikwishaieleza njia hii Marekani mwaka 1955. Hatari yake ni kwamba mkojo uliovunda ukiongezewa msukumo, vijidudu huvuka na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana fundi mzuri huvuta mkojo nje kwanza, halafu huingiza dawa ya kung'arisha picha kidogo tu, ya kumwonyesha yuko wapi. Picha za kupendeza zitapigwa siku nyingine. Pamoja na tahadhari zote hizo, kutetemeka huweza kuja. Kwa shangazi kulikuja.

Ufundi huu husifiwa kwa udogo wa tundu lake: hakuna kisu kirefu, hakuna nyuzi, mgonjwa huongea huku anatibiwa. Sifa hizo ni za kweli, na zimeshaimbwa vya kutosha. Mimi nataka kusifu kile kinachofanyika mambo yakienda mrama, kwa sababu hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mtu mwenye vifaa.

Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alichapisha njia ambayo mpaka leo ni msingi wa kazi hii. Sindano iingie mshipani, waya laini upite ndani ya sindano, sindano itolewe, mrija uteleze juu ya waya. Ni hayo tu. Wakubwa wake waliliona jambo lenyewe jepesi mno kwa tasnifu ya udaktari wa falsafa, ikabidi aandike kuhusu jambo jingine. (Wasomi wana historia ndefu ya kudharau kitu kwa sababu kinaeleweka.) Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Januari 1964, Charles Dotter wa Portland, Oregon, alipitisha waya kwenye mshipa uliosinyaa wa paja la bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vinaoza na ambaye alikataa katakata kukatwa mguu. Akapanua njia kwa mirija minene zaidi, mguu ukapata joto. Bibi yule alitembea kwa miguu yake mpaka alipokufa. Dotter hakuona haya kujifananisha na fundi bomba.

Lakini bomba la chuma halina uhai. Mshipa wa mtu hupasuka. Daktari amejaza puto ndani ya mshipa ili aupanue, mgonjwa ghafla analia kwa maumivu, na kwenye skrini ile dawa nyeusi inaonekana ikimwagika nje ya ukuta. Mkono wa mtu yeyote hutaka kurudi nyuma, kuvuta kila kitu nje, kama mtoto aliyevunja bilauri. Mkono uliofundishwa hufanya kinyume. Unaliacha puto palepale na kulijaza tena taratibu, safari hii liwe kizibo, na waya hauguswi kabisa. Puto linazuia damu, na waya unashikilia njia. Akishapata dakika zake, daktari huagiza mrija wenye kitambaa wa kufunika pale palipopasuka, naye huuteremsha juu ya waya ule ule. Aliyevuta waya kwa hofu amejifungia mlango na kutupa ufunguo, maana njia ya kurudi ndani ya mshipa uliochanika huenda asiipate tena. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nadhani methali hiyo ingefaa kubandikwa juu ya skrini.

Kuna kazi nyingine isiyo na skrini. Mrija ukishatolewa kwenye ateri ya kinena, mtu hubonyeza kwa vidole. Hubonyeza juu kidogo ya tundu la ngozi, kwa sababu sindano iliingia kwa mshazari na tundu la ateri liko juu zaidi, na chini yake kuna kichwa cha mfupa wa paja cha kuegemezea. Dakika 15, pengine 20, bila kuchungulia. Anayeinua vidole kila baada ya dakika mbili kuangalia kama damu imekoma anaanza upya kila mara. Nimewahi kumwona kijana wa mafunzo akibonyeza hivyo, jasho likimtiririka shingoni, mkuu wake akimsimulia habari za mpira ili asichoke.

Sindano ikiingia juu mno, kupita usawa wa mfupa ule, vidole havina cha kuegemea, na damu hupata nafasi ya kukimbilia nyuma ya tumbo, mahali penye kuweza kumeza lita nzima bila kinena kuvimba hata kidogo. Bandeji ni safi. Ngozi ni laini. Mgonjwa anasema tu, "Sista, kiuno kinaniuma." Na nani asiyeumwa kiuno akilazwa chali saa nne? Wagonjwa kumi watasema hivyo, tisa watahitaji mto. Wa kumi anahangaika kitandani, mapigo yake yamepanda kutoka 80 hadi 110, presha bado inaonekana nzuri. Anayengoja presha ishuke ndipo ashtuke amechelewa. Anayejua kazi hulinganisha namba za sasa na za nusu saa iliyopita, huita daktari, huagiza damu, hupeleka mgonjwa akapigwe picha, na wala haoni aibu ikionekana kwamba lilikuwa kweli ni tatizo la godoro.

Mapigo husema mengi. Mtu akizimia mezani na mapigo yamekwenda polepole, huenda ni hofu na maumivu: mwinue miguu, mpe dripu, atropini iwe karibu. Akizimia na mapigo yanakimbia, ngozi imetoka vipele, kifua kinakoroma, huo ni mzio, na adrenalini ya msuli wa paja haingoji mjadala.

Hapa kwetu Tanzania, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, timu za kufundisha tiba radiolojia zilianza kufika mwaka 2018, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kikaanzisha masomo yake. Nimefurahi, kwa sababu sindano huweza kusafirishwa kwenye sanduku, lakini mtu wa kuitikia ombi la blanketi saa sita mchana lazima awepo hapa hapa.

Jioni ile daktari alikuja, akavuta kiti, akakaa. Watu wa kukaa ni wachache. Akatuambia kwamba vijidudu vya kwenye figo vimeingia kwenye damu, kwamba hilo ni tokeo la kazi aliyoifanya yeye ingawa alilitarajia na kulikinga, na kwamba usiku huo ndio wa kuangaliwa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekula. Muuguzi alipokabidhi zamu hakutoa faili tu. Alimleta mwenzake hadi kitandani, wakahesabu pumzi pamoja.

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya tisa tukarudi nyumbani na mfuko wetu. Mrija hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila tukifika shangazi huuliza kwanza yule sista yuko zamu gani.