Zamu Nne na Taa Nne: Utii na Dhamiri katika Tamthilia ya "Chain of Command"

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa hizi uchambuzi wa vitabu vya theolojia, na pengine watashangaa kumwona mchungaji akitumia nafasi yao kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya Marekani inayohusu safari za anga za mbali. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilishangaa. Katika kipindi cha maadili ya Kikristo, tulipokuwa tukijadili mipaka ya utii, mwanafunzi mmoja alisimama akatoa mfano wa Nahodha Jellico. Nusu ya darasa wakacheka, na nusu nyingine wakaanza kubishana kwa ukali ambao sijauona hata tunapojadili Warumi 13. Niliona hapana budi niitazame tamthilia hiyo kabla sijarudi darasani.

Jina lake ni "Chain of Command", yaani mlolongo wa amri. Ni masimulizi ya sehemu mbili katika mfululizo wa Star Trek: The Next Generation, yaliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1992. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise, ambacho mabaharia wake wamemzoea na kumpenda nahodha wao Jean-Luc Picard, kinakabidhiwa ghafla kwa Edward Jellico. Picard ametumwa kwa siri, pamoja na maofisa wawili, kutafuta silaha ya maangamizi katika himaya ya Wakardasi, taifa ambalo limo katika hali ya kukaribia vita na Shirikisho. Jellico ndiye aliyesaidia kupatikana kwa mapatano ya awali na Wakardasi, na kwa sababu hiyo wakuu wamemwona anafaa kukabiliana nao tena. Habari za silaha hiyo ni za uongo. Ni mtego. Picard anakamatwa, na kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa njia mbili: huku nahodha mpya na mabaharia wasiomtaka, kule nahodha wa zamani mikononi mwa mtesaji.

Tuanze na jambo dogo, kwa maana hadithi yenyewe inaanza nalo. Enterprise ilikuwa ikiendeshwa kwa zamu tatu kwa siku. Jellico, hata kabla hajakabidhiwa rasmi, anamwagiza msaidizi wa nahodha, William Riker, apange zamu nne. Riker hakatai. Anakwenda kuzungumza na wakuu wa idara, nao wanamwambia kwamba jambo hilo litaleta matatizo makubwa kwa watumishi. Nahodha mpya anapouliza kama zamu ya nne iko tayari kuingia kazini, anajibiwa kwamba bado hakuna kilichobadilika, na kwamba Riker alikusudia kumweleza baadaye. Jellico anaamuru kwa maneno machache kwamba ifanyike, tena ifanyike sasa.

Watazamaji wengi, nao ni pamoja na ile nusu ya darasa langu iliyobishana, humwona Jellico hapa kuwa mtu mkavu asiyejali watu. Mimi naomba tumtazame Riker kwanza. Alichokifanya tunakijua vizuri sana katika Kiswahili. Tunakiita mgomo baridi. Hakusema hapana. Alisema ndiyo, kisha akaenda kutafuta watu wa kumthibitishia kwamba hapana yake ilikuwa ya haki. Bwana wetu alisimulia habari za wana wawili waliotumwa shambani (Mt. 21:28-31), na mmoja wao alikubali kwa heshima zote lakini hakwenda. Mwana huyo hakuwahi kugombana na baba yake, na ndiyo sababu ni vigumu kumkemea.

Nalisema hili si kama mtu asiyehusika. Nilipopelekwa katika usharika wangu wa pili, kumfuata mchungaji aliyependwa kwa miaka mingi, nilitangaza katika mwezi wa kwanza kwamba ibada ya kwanza itaanza nusu saa mapema. Wazee wa kanisa wakaitikia, "Ndiyo, Mchungaji," na Jumapili iliyofuata kengele ikapigwa saa ile ile ya zamani. Nilikasirika sana. Ilinichukua muda kutambua kwamba wazee wale walikuwa na kosa, nami nilikuwa na kosa, na makosa yetu hayakuwa ya namna moja.

Jellico naye ana kosa lake. Anahamisha theluthi ya watu wa idara ya mitambo kuwapeleka idara ya ulinzi, wakati huohuo akidai mitambo ile ile irekebishwe katika siku mbili. Anaagiza samaki aondolewe katika ofisi ya nahodha. Anamwagiza Deanna Troi, mshauri wa mabaharia, avae sare kama maofisa wengine wakati wa kazi. Troi anapomweleza kwa upole kwamba watu wanahitaji muda wa kumzoea, anajibu kwamba muda huo haupo, kisha anamkabidhi yeye kazi ya kuwatia watu moyo, kana kwamba moyo wa watu ni idara nyingine ya chombo. Yote haya ni ya halali. Hakuna hata moja lililo dhambi. Lakini yote yanatolewa kwa sauti moja, na uzito wa samaki ni sawa na uzito wa vita.

Hapa ndipo mwanatheolojia wa Kilutheri anapojikuta nyumbani bila kutazamia. Baba zetu walipoandika Fomula ya Konkordia mwaka 1577, walitumia kifungu cha kumi kizima kushughulikia mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, yale tuyaitayo adiafora. Walikuwa na kidonda kibichi. Baada ya vita na mapatano ya mwaka 1548 wafuasi wa Luther waligawanyika vibaya, wengine wakisema kwamba taratibu fulani za ibada zingeweza kukubaliwa kwa ajili ya amani, wengine wakisema kwamba kukubali ni kumkana Kristo. Kifungu kilifundisha mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja: kwamba katika mambo ya namna hiyo kanisa lina uhuru wa kubadili na kutii kwa ajili ya utaratibu mwema, na kwamba wakati wa kuungama, jambo lile lile likidaiwa kwa nguvu ili kuipinga kweli, haifai kulegea. Ugumu wote umo katika kupambanua ni wakati gani.

Zamu nne ni adiafora. Sare ni adiafora. Katika mambo hayo Riker na wenzake walipaswa kutii, tena upesi, wakitoa maoni yao mara moja waziwazi na kuyaacha hapo. Data, yule ofisa ambaye ni mashine na hana hisia, anathibitisha jambo hili bila kukusudia. La Forge, mkuu wa mitambo, analalamika kwamba kazi aliyopewa haiwezekani; Data anasema kwamba inawezekana iwapo idara nzima itatumika. Walichokataa mabaharia hawakukikataa kwa sababu hakiwezekani. Walikikataa kwa sababu hakikutoka kwa Picard. Korintho walikuwako waliosema wao ni wa Paulo na wengine wa Apolo (1 Kor. 1:12), na hatusomi popote kwamba Apolo alikuwa ametenda kosa.

Ndiyo maana naona kwamba waandishi wa tamthilia hii, Ronald D. Moore na Frank Abatemarco, walikuwa na busara kuliko watazamaji wao. Hawakumfanya Jellico kuwa mbaya. Katika mazungumzo na Gul Lemec, mjumbe wa Wakardasi, Jellico anajionyesha mkali, anamchelewesha, anatoka chumbani kwa hasira ya kujifanya. Riker anasema huyu mtu anajiamini kweli. Troi, ambaye ana kipawa cha kusoma mioyo, anasema hapana, hajiamini. Ukutani mwa ofisi yake Jellico ametundika michoro ya mtoto wake wa kiume. Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha, katika maelezo ya amri ya nane, kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa njia iliyo njema. Mabaharia wa Enterprise walipewa michoro ile waitazame kila walipoingia ofisini, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Sasa twende kule kwa Picard, maana huko ndiko jambo linakogeuka kuwa zito. Gul Madred, mtesaji wake, anamwonyesha taa nne na kumtaka akiri kwamba ni tano. Anayekijua kitabu cha George Orwell cha mwaka 1949 atatambua mara moja asili ya jaribu hili. Madred hahitaji taa ya tano kwa kazi yoyote. Anachotaka ni kwamba mtu mwingine aone kwa macho yake Madred. Naye pia ni mzazi. Binti yake mdogo anaingia katika chumba kile kile cha mateso na kumkumbatia, na baba anamfundisha kwamba wanadamu hawawapendi watoto wao kama Wakardasi wanavyowapenda wao. Patrick Stewart, aliyeigiza kama Picard, na David Warner, aliyeigiza kama Madred, wanafanya kazi ambayo ni vigumu kuitazama, na sidhani ingefaa iwe rahisi.

Kwa kuweka vyumba hivi viwili sambamba, tamthilia inamjaribu mtazamaji aone kwamba Jellico na Madred ni ndugu: wakubwa wawili, amri mbili, na namba nne mbili. Wanafunzi wangu kadhaa walianguka katika jaribu hilo. Lakini tofauti yao ndiyo somo lenyewe. Luther aliandika mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya dunia na mpaka wake, akifundisha kwamba mamlaka hiyo ina haki juu ya mwili na mali, wala haina haki ya kuitawala roho. Jellico anadai mikono ya watu wake na saa zao za kulala. Hajali wanamfikiriaje. Madred hajali mikono ya Picard; anataka imani yake. Mkubwa anayekuamuru kufanya kazi usiyoipenda si mdhalimu kwa sababu hiyo tu, na mdhalimu wa kweli mara nyingi huwa na sauti ya upole.

Hata hivyo kuna saa moja ambapo Jellico anasogea karibu na ule mpaka. Wakardasi wanatangaza kwamba wanaye Picard. Shirikisho likikiri kwamba alitumwa, atalindwa na mkataba wa mateka wa vita. Likikana, ni gaidi tu, na watamfanyia wapendavyo. Kukiri kungewapa Wakardasi silaha katika mazungumzo. Jellico anaamua kutokiri. Hapa haiko tena adiafora. Kusema kwamba mtu uliyempokea ofisi yake hakutumwa, hali ukijua alitumwa, ni ushuhuda wa uongo juu ya jirani, tena jirani aliyemo mikononi mwa watesaji. Riker anapinga, anapinga kwa nguvu, na kwa maoni yangu ana haki kabisa. Jellico anamwondoa kazini na kumweka Data mahali pake.

Lakini nani aliyemsikiliza Riker saa ile? Jellico amekwisha kumsikia akipinga ratiba ya zamu. Sauti ya kupinga kwake ni ile ile, uso ni ule ule, na wenzake wa kumuunga mkono ni wale wale. Alikuwa ameitumia hapana yake kwa vitu vidogo, na ilipohitajika kwa ajili ya uhai wa mtu, ilisikika kama manung'uniko mengine tu ya watu wa Picard. Hili ndilo ningependa ndugu zangu wachungaji walitazame zaidi kuliko ukali wa Jellico. Tumekwisha kuona katika mikutano yetu jinsi mtu anayesimama kupinga kila ajenda anavyosikilizwa siku anaposimama kutetea kweli. Na Jellico, kwa upande wake, alikuwa ametumia sauti ya vita kwa ajili ya samaki, kwa hiyo hakuwa na sauti nyingine ya kumwonyesha msaidizi wake kwamba safari hii uamuzi ulikuwa unamwumiza, ikiwa kweli ulikuwa unamwumiza. Tamthilia haituambii.

Mwisho unafika Jellico anapohitaji rubani bora kwenda kutega mabomu katika wingu la anga ambamo majeshi ya Wakardasi yamejificha. Rubani huyo ni Riker. Nahodha anakwenda mwenyewe chumbani kwake na kupendekeza waweke vyeo pembeni. Anamwambia Riker kwamba hampendi, kwamba ni mjeuri, na si msaidizi mzuri. Riker anamjibu kwamba naye hampendi, kwamba amewakaza watu hadi hakuna furaha katika lolote, na si nahodha mzuri. Kisha Riker anataka aombwe, asiamriwe. Jellico anaomba. Riker anakwenda, pamoja na La Forge, na kazi inafanikiwa. Mtu yule yule aliyekuwa mwana wa kwanza kusema ndiyo asiende, sasa amekuwa yule aliyesema hapana akaenda. Sijui sehemu nyingine katika tamthilia za aina hii ambamo mfano ule wa Injili umetimia kwa mtu mmoja namna hii, na nina hakika waandishi hawakukusudia.

Hata hivyo nina lawama yangu. Mle chumbani watu wawili walisemezana kweli yote kuhusu makosa, ila kila mmoja aliyasema ya mwenzake. Kwetu sisi kuungama huanza upande mwingine. Picard anaporudishwa, Jellico anamkabidhi chombo, anawaaga mabaharia kwa maneno ya heshima, anaondoka, na kamera inageuka upesi kwenda kwa yule tunayempenda. Baadaye Picard anamweleza Troi, mlango ukiwa umefungwa, kwamba mwishoni, kabla tu hajaachiliwa, aliamini kweli kwamba anaona taa tano. Huyo aliyekuwa shujaa ndiye pekee katika hadithi nzima aliyesema waziwazi udhaifu wake mwenyewe. Riker na Jellico hawakuonana tena faraghani. Na Troi, katika sehemu nyingi zilizofuata, chini ya nahodha wake mpendwa, aliendelea kuvaa ile sare.