Shimo la Kulala

Chini ya mkorosho, Chilangala, mjomba amelaza ubao wa mninga mapajani. Anachimba shimo la 32, la mwisho. Hapimi kwa rula. Anatumbukiza kete tatu nne za komwe, anasikiliza zinavyogongana, kisha anaongeza patasi kidogo au anaacha. Nimemuuliza bao hili litakwenda kwa nani. "Bado sijaambiwa, mpwa wangu," amenijibu, akaendelea kuchimba.

Mlio ule wa komwe unanirudishia mdogo wangu. Shuleni alikuwa mtoto wa kupigishwa magoti. Hakai, anajibu swali kabla halijaisha, daftari lake limejaa kurasa zilizoanzwa tu. Tulimwita mtundu, wengine wakasema ana mashetani. Leo wataalamu wanaizungumzia hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, na wanatuambia kwamba chanzo chake ni namna ubongo unavyokua, wala si ukaidi. Siku zile jina hilo hatukuwa nalo. Tulikuwa na fimbo. Na mtoto yuleyule, kwa mjomba, alichuchumaa mbele ya bao tangu alasiri hadi kiza kikazificha kete.

Aliyelibuni bao alimjua mtoto asiyeweza kungoja. Kete ni 64, lakini hutwishwi zote kwa mara moja. Katika namua, awamu ya kwanza, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi, na kila zamu anaingiza moja tu. Zikimalizika ndipo mtaji unaanza na mchezo unakaza. Ukikosea unajua papo hapo, maana kete zako zimehamia ng'ambo. Hungoji wiki mbili urudishiwe daftari lenye wino mwekundu. Ukifungwa, kete zinapangwa upya na aibu inaishia hapo. Mkono nao haukatazwi kutembea, kwa kuwa kutembea kwake ndiko kufikiri.

Lakini mjomba hukawia zaidi kwenye nyumba, lile shimo la mraba. Wakati wa namua, ukila na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, hiari ni yako: ulale hapo, au uchote zote usafiri. Mdogo wangu alisafiri kila mara. Alichota kete haijatulia, na mali yake ikaliwa. Mjomba hakumgombeza, hakumwambia "tulia" hata siku moja. Alipanga kete upya. Ikafika jioni ambayo mkono wa yule mtoto ulifika nyumbani, ukasita juu ya shimo, ukarudi magotini. "Nalala," akasema. Mjomba akaguna, akacheza zamu yake. Hakuna ripoti ya shule iliyowahi kuuandika ushindi ule.

Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mchezo wa video uitwao EndeavorRx utolewe kwa cheti cha daktari, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye hali hiyo ya upungufu wa umakini. Mtoto anapocheza, mchezo unampima na kubadili ugumu wake umfae yeye. Sisemi bao ni dawa. Anayehitaji daktari apelekwe. Ila wabunifu wale waliuliza swali ambalo madarasa yetu yamelisahau: kazi hii tumeipangaje hata mtoto huyu akashindwa kuishika?

Watoto wa hapa nao wanacheza, kila mmoja na simu anayoazima kwa kaka yake. Michezo mingi ya simuni imebuniwa ili mtu asiache. Haina shimo la kulala. Nasi tuliokuwa nalo tumeliacha lijae vumbi, kisha tunalalamika kwamba watoto hawatulii.

Mjomba anasugua ubao kwa msasa wa dukani. Zamani alitumia majani ya msasa wenyewe, mti ulioipa karatasi hiyo jina. Amemaliza. Ameliegemeza bao ukutani, kando ya mengine mawili ya mwaka jana, na zile komwe amezirudisha kwenye mfuko, akafunga fundo.