Amenukuliwa Mara Ngapi? Kuhakiki Kipimo cha Mtafiti

Makala haya mafupi yanahakiki kipimo kinachozidi kutumiwa vyuoni kupandishia wahadhiri vyeo: idadi ya mara ambazo maandishi ya mtu yamenukuliwa na wengine. Mfano wetu hautoki katika isimu wala fasihi. Unatoka katika utafiti wa maradhi ya ubongo.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kielezo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Ni hesabu rahisi, na ina haki yake: bila takwimu yoyote, cheo huweza kutolewa kwa kujuana. Lakini mwenye makala moja iliyonukuliwa mara 500, na asiwe na nyingine, atapata h ya 1 tu.

Sasa tumtazame Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyewatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, Tanzania. Mwaka 1965 alichapisha katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica makala ndefu kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro. Ubora wa kazi yake ni uvumilivu wa kutazama. Aliandika alichokiona, wakiwamo watoto waliotikisa kichwa kama wanaosinzia, kabla hali hiyo haijapewa jina katika vitabu vya tiba. Udhaifu wake ni kuufungia ugonjwa ndani ya "kabila", na kutumia jina Tanganyika katika kichwa cha makala wakati nchi imekwisha kuwa Tanzania.

Kwa takribani miongo minne maelezo hayo yalibaki pembeni mwa mjadala mkuu. Mwaka 2008 Winkler na wenzake walichapisha katika jarida la Epilepsia uchambuzi wa hali hiyo hiyo, wakiwa wamewachunguza wagonjwa wa Mahenge. Ugonjwa huo ulipozua hofu kaskazini mwa Uganda na Sudani Kusini, Shirika la Afya Duniani likaitisha mkutano Kampala mwaka 2012. Leo makala ya 1965 hutajwa kama chanzo. Je, kamati ya vyeo ya mwaka 1975 ingempa alama ngapi?

Kasoro ya pili ni ya jina. Mwaka 1965 aliandikwa Aall-Jilek; baadaye Jilek-Aall. Kwa msomaji ni mtu mmoja, lakini mashine inayohesabu herufi huweza kuona wawili. Wenzetu wa Burundi, ambao majina yetu hubadilishana nafasi kila fomu inapojazwa, tunalijua tatizo hilo.

Kasoro ya tatu inatugusa zaidi sisi walimu wa lugha. Mwaka 2003 Nsengiyumva na wenzake walichapisha, pia katika Epilepsia, utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa nchi yetu, ulioonyesha kwamba maambukizi ya tegu wa nguruwe ni kisababishi kikubwa cha kifafa hapa Burundi. Ni kazi yenye faida ya moja kwa moja: choo, nyama iliyopikwa ikaiva, mikono iliyonawiwa. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kiremba mwenye mtoto wa intandara hawezi kuinukuu. Anaweza tu kuitumia, kama kuna aliyemweleza kwa Kirundi au Kiswahili. Na huyo aliyemweleza hapati hata alama moja katika kielezo cha h.

Hatusemi takwimu zitupwe. Tunasema zisiachwe peke yake. Kamati isome makala yenyewe kabla ya kuhesabu. Mtafiti atumie jina moja daima. Nasi katika idara tuwape wanafunzi wetu kazi ya kuandika muhtasari wa Kiswahili wa tafiti za aina ya Kiremba, na tuutolee alama kama tunavyotolea alama insha ya fasihi. Kunukuliwa ni kutajwa na wenzako wa fani. Kueleweka na yule uliyemchunguza ni deni, na deni hilo bado hatujalilipa.