"Haisomi" Halitoshi

Simu isipoonekana kwenye kompyuta, mafundi wa Kariakoo husema "haisomi". Neno hili hatulipingi. Ila katika mwongozo wa matengenezo halitoshi, kwani lafunika kasoro mbili. Kebo ya USB 2.0 huwa na nyaya nne: mbili za umeme, mbili za data. Yenye zile za umeme tu huchaji simu vizuri, lakini kompyuta haisikii hata hodi. Hapo twapendekeza "haijaunganika". Hodi ikisikika, kompyuta ikauliza, na jibu lisieleweke, iwe "haijatambuliwa". Kompyuta yenyewe yafaa iitwe "mwenyeji", maana katika USB mgeni hubisha, kisha hasemi mpaka aulizwe. Wako wafasiri wanaoita simu na kompyuta, zote, "kifaa". Fundi atajuaje ni kipi kinachouliza?