Megawati Isiyo na Anwani

Kaulimbiu ya kampeni ya urais ya Jakaya Kikwete mwaka 2005 ilikuwa na vipande vitatu: Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya. Ukiisoma kwa sauti unasikia ilivyofumwa. Kila kipande kina maneno mawili, la pili halibadiliki, na matarajio yote yanaegemea hapo. Haina kitenzi wala mtenda, haitaji mahali wala siku. Ni umbo linaloimbika kirahisi, na Desemba mwaka huo lilisindikiza zaidi ya asilimia 80 ya kura. Halafu mvua zikagoma. Maji ya bwawa la Mtera yakashuka, nchi iliyotegemea mabwawa ikaingia kwenye mgao wa 2006, na mzaha kuhusu ile nguvu mpya haukuhitaji mtunzi.

Kaulimbiu isiyo na kitenzi haiwezi kujibu swali la saa ngapi umeme utarudi. Kilichokuja kujibu kilikuwa namba: megawati 100 za dharura, mkataba wa Juni 2006 na kampuni ya Richmond ya Houston, Marekani. Mitambo haikufika kwa wakati, mkataba ukahamia Dowans, na Februari 2008 kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikasema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Tarehe 7 Februari Edward Lowassa, Waziri Mkuu na mbunge wa Monduli, jimbo lililomo mkoani Arusha, akatangaza kujiuzulu. Hotuba yake fupi siku ile inafaa kusomwa kwa kile kisichokuwemo. Kiini cha malalamiko yake kilikuwa kwamba kamati haikumsikiliza. Hoja ikawa haki ya mtu mmoja kusikilizwa, na umeme wenyewe, uliokuwa chanzo cha yote, ukatoka jukwaani kimyakimya. Namba 100 ilibaki ikitajwa kwa miaka kama jina la kashfa, si kama kipimo cha chochote kilichowahi kuwasha taa ya mtu Sakina au Unga Limited, mjini Arusha.

Mkoa huu wa Arusha una andiko la zamani zaidi lililolitazama umbo hili kwa jicho kali. Katika sehemu ya Azimio la Arusha la 1967 inayohusu kujitegemea, Nyerere anaweka mchezo mdogo wa kuigiza. Mbunge anasimama kuuliza maji, serikali inajibu kwamba itayaleta kwa fedha. Mwingine anauliza barabara, shule na hospitali, na jibu ni lilelile. Linarudi tena na tena kama kiitikio mpaka msomaji achoke, na kuchoka huko ndiko mwandishi anakotaka. Hahitaji kusema kwamba jibu moja kwa kila swali si jibu. Marudio yanamsemea. (Azimio lenyewe, lazima tukiri, nalo lina orodha zake: mafuta na umeme vimo katika njia kuu za uchumi, pamoja na ardhi, misitu, madini na maji. Hakuna andiko la siasa lisilo na orodha.)

Chukua mchezo ule, ondoa fedha, weka megawati. Utapata mjadala wetu wa nishati tangu 2015.

John Magufuli aliingia na kaulimbiu iliyokatwa hadi mfupani, Hapa Kazi Tu, na kwa upande wa umeme kazi ile ilipata namba yake Desemba 2018, mkataba wa bwawa la Rufiji uliposainiwa kwa takriban shilingi trilioni 6.5. Itazame namba yenyewe: 2,115. Inatokana na mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, lakini majukwaani haikuelezwa hivyo mara nyingi. Ilitajwa nzima, pamoja na zile 115 za mwisho. Msemaji mwingine angesema elfu mbili na ushee. Kutozungusha namba ni ufundi wa kushawishi, kwa sababu namba inayojua hadi kumi na tano zake inasikika kama imepimwa na mtu aliyekuwepo. Kisha bwawa likapewa jina la Julius Nyerere, na namba ikapata ukoo.

Kilichokosekana ni anwani. Megawati za mitambo ni kipimo cha umeme pale unapozaliwa. Maziwa yaliyokamuliwa Monduli si lazima yawe ndiyo yaliyomo kwenye kikombe cha Njiro. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi megawati 5,000 ifikapo 2025. Mwaka huo ulipofika, uwezo wa mitambo ulikuwa umevuka kidogo 4,000, na mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa yakizunguka 1,900. Yaani tulikuwa na zaidi ya mara mbili ya tulichotumia, huku wenye mashine za kusaga wakiendelea kulalamikia umeme mdogo. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo. Yanaonekana kupingana kwa sababu miaka yote ya hotuba ilimfundisha msikilizaji kusikia neno "kuzalishwa" kama "kufika".

Namba ya pili ya hotuba hizi ni vijiji: 12,318. Hapa ufundi uko kwenye kitenzi cha kutendwa, "vimefikiwa". Kijiji hufikiwa laini inapoingia, transfoma ikafungwa na nyumba kadhaa zikawaka, na tangu hapo kimehesabika. Orodha ya vijiji ilichaguliwa kwa kuwa inaweza kumalizika, na ilipomalizika kipimo kikabadilishwa: sasa ni vitongoji 64,359, ambavyo hadi mapema 2025 takriban nusu tu vilikuwa na umeme. Kwenye miteremko ya Meru, nyumba zikiwa zimetawanyika ndani ya migomba na kahawa, tofauti ya kijiji na kitongoji ni tofauti ya nguzo nyingi. Usa River na Ngaramtoni, ambako mji na shamba vimeshikana, jina la eneo lina bei pia: shilingi 27,000 kuunganishwa ukihesabiwa kijijini, na kuanzia Januari 2022 shilingi 320,960 ukihesabiwa mjini. Hotuba husema "wananchi". Fomu ya maombi hukuuliza unaishi wapi.

Ndiyo maana maneno ya Same yalitikisa watu. Tarehe 9 Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda kuzindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, na ndani ya habari za maji akageukia umeme. Alieleza kwamba umeme unazalishwa mbali na kaskazini, unasafiri umbali mrefu, unapotea njiani, na upotevu huo unaligharimu shirika la umeme, TANESCO, kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Kwa hiyo serikali ingenunua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie mikoa ya kaskazini.

Kimaumbile hiyo ilikuwa hotuba ya aina nyingine kabisa. Umeme ulikuwa mhusika. Ulikuwa na mahali pa kuzaliwa, safari, mkasa njiani, na uamuzi uliofuata kwa "kwa hiyo". Kwenye sherehe ya serikali, ambako kila kitu hukamilika, mkuu wa nchi alitaja hasara na kuipa bei. Miezi saba kabla ya uchaguzi! Waliopiga kelele waliuliza swali moja kwa namna mbalimbali: na zile 2,115 ziko wapi? Swali halali, lakini limezaliwa na umbo la zamani. Aliyezoeshwa hesabu alipewa simulizi, akaisikia kama kukanusha hesabu. Na katika Arusha, mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kulikuwa na kejeli ndogo katika kuona umeme wa kupitia Kenya ukijadiliwa kama fedheha.

Hata hivyo simulizi ile ilikuwa na tundu, na tundu hilo ni la kifani kama lilivyo la kihandisi. Ilisema umbali. Lakini umeme wa Ethiopia nao husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Sodo hadi Suswa nchini Kenya kabla haujaanza kuelekea Namanga. Kama umbali peke yake ndio ungekuwa adui, Ethiopia isingekuwa dawa. Tofauti iko kwenye njia. Ule wa Ethiopia huja kwa laini ya kilovolti 500, kisha kuna laini ya kilovolti 400 ya Isinya, Namanga, Lemugur hadi Singida, iliyowashwa mwishoni mwa 2024. Wa Rufiji hufika Chalinze kwa kilovolti 400, na ukitaka kupanda kaskazini kupitia Tanga hukutana na laini nyembamba ya 132: Hale, Same, Kiyungi, Njiro. Same imo katika orodha hiyo. Rais alikuwa akizungumzia upotevu katika mji ulio juu ya njia yenyewe, na hotuba haikuinyooshea kidole. Umbali ni kitu ambacho kila msikilizaji anaweza kukiona kichwani. Msongo wa umeme hauonekani. Simulizi ilichagua kinachoonekana, ikalipia uchaguzi huo kwa ufafanuzi wa TANESCO.

Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini na chama chake kikiwa nje ya karatasi ya kura. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na tume ya uchaguzi ikamtangazia Rais Samia ushindi wa asilimia 97.66. Desimali mbili zile zinafanya kazi ileile inayofanywa na 115 baada ya elfu mbili. Tarehe 14 Novemba, akifungua Bunge Dodoma, Rais alianza na ukimya kwa ajili ya waliokufa, akatoa pole, akatangaza tume ya uchunguzi. Sehemu hiyo ina anayeambiwa: familia, vijana, waendesha mashtaka. Baada yake hotuba ikarudi kwenye mpangilio wake wa miaka yote, sekta baada ya sekta, nishati kwenye foleni yake. Mshono kati ya sehemu hizo mbili unaonekana wazi. Ya kwanza isingeweza kusomwa mwaka mwingine wowote. Ya pili ingeweza kusomwa 2020 kwa kubadilisha tarakimu.

Kwa ladha yangu, andiko la nishati lililoandikwa vizuri kuliko yote hapa mjini Arusha ni tangazo la katizo la umeme. Hulisomi kwa raha, lakini litazame. Lina siku, na saa ya kuanza na ya kumaliza. Lina sababu: kukata miti, kubadilisha nguzo, matengenezo ya kituo. Lina majina ya mitaa, mengine madogo mno kiasi kwamba hayatatajwa bungeni karne hii. Linaonya usiguse waya ulioanguka, linatoa namba ya simu, linaomba radhi kwa usumbufu. Kila sentensi yake inaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtu aliyekaa nyumbani kwake: saa kumi na moja imefika, umeme haujarudi, tangazo limesema uongo. Hakuna hotuba ya kufungua Bunge iliyowahi kumpa msikilizaji uwezo huo.

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa kabla ya Juni kwisha. Waziri angeweza kuiambatanishia kurasa chache za mkoa wa Arusha kwa umbo hilohilo: kitongoji, laini inayokilisha, kituo inakotokea, mwezi wa kumaliza, simu ya mhandisi anayehusika. Makofi yangekuwa machache, na wabunge wa Arusha Mjini, Arumeru Magharibi na Arumeru Mashariki wangekuwa na kitu cha kuulizia ifikapo mwezi uliotajwa.