Fundi wa Springi na Shokapu Anazoziacha

Pikapu ikianza kulala nyuma, mwenye gari huja gereji akiwa ameshakata shauri: springi mpya, shokapu mpya, seti nzima. Fundi mzuri wa springi hambishii. Anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamuuliza: unabeba nini, na unabeba mara ngapi kwa wiki? Kazi yote inaanzia kwenye swali hilo. Naheshimu mafundi wa kila namna, lakini huyu anayeimarisha springi za nyuma na kuziacha shokapu za kiwandani pale pale zilipo nampa heshima ya pekee, kwa sababu kila anachokiacha amekipima.

Chukua Hilux inayosomba vitunguu kutoka Mang'ola, kule bondeni kwa Ziwa Eyasi, kupandisha Karatu. Gari la aina hiyo limejengwa kubeba takriban tani moja. Dereva atasema anapakia magunia tisa, na kwa hesabu ya gunia la kilo 100 yuko ndani ya kipimo. Ila vitunguu vinajulikana kwa lumbesa, ule ufungaji wa kuongeza kilemba juu ya gunia, ambao sheria ya vipimo inaukataza na ambao mkulima ndiye anayeulipia kwa jasho lake. Chini ya gari, kilemba hicho ni uzito ambao hakuna aliyeuandika. Fundi anayeyajua mazao ya kwao huuliza kama magunia yamefungwa sawa au yana kilemba, na jibu hilo linambadilishia unene wa chuma atakachokitafuta.

Watu wengi hupoteza fedha kwa kuchanganya kazi ya springi na ya shokapu. Springi ndiyo inayobeba. Mzigo ukiwekwa, yale majani ya chuma yaliyolaliana yananyooka na kuhifadhi nguvu, na tairi likitoka shimoni nguvu hiyo inataka kurudi kwa kulirusha gari juu. Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Mafuta yanalazimishwa kupenya kwenye matundu hayo, na mrindimo wote unageuka joto. Ndiyo maana mafundi wa zamani huzipima kwa mkono gari linapotoka kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo: shokapu iliyopata moto inafanya kazi, na iliyobaki baridi wakati mwenzake inaunguza imekufa. Isiyovuja, inayopata joto sawa na mwenzake, na ambayo bushi zake hazijaliwa, haina kosa. Gari lililolala kwa uzito wa vitunguu haliwezi kuinuliwa na shokapu mpya ya kawaida, hata ingekuwa ya bei gani.

Sasa njoo kwenye majani yenyewe, maana utamu wa kazi hii uko hapa. Ugumu wa jani hukua kwa mchemraba wa unene wake. Jani la milimita 8 linaonekana limezidi kidogo tu lile la milimita 6, lakini kwa upana na urefu ule ule ugumu wake ni zaidi ya mara mbili. Tuseme springi ina majani manne ya milimita 6. Ukiongeza la tano linalolingana nayo, ugumu wa fungu zima unapanda kwa takriban robo, na gari lililokuwa likishuka sentimita 10 kwa mzigo fulani sasa linashuka 8. Ukiongeza la milimita 8 badala yake, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 60. Kwa macho ya mteja hayo ni majani mawili yanayofanana, yote yana kutu, yote yametoka kwenye lundo lile lile la vyuma. Fundi anachukua kalipa, anapima, anarudisha moja kwenye lundo.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama shokapu zitabaki. Uwezo wa shokapu kuituliza springi haupungui kwa kasi ile ile ambayo springi inakuwa ngumu. Unafuata kipeuo cha pili cha ugumu huo. Springi ikiongezeka ugumu kwa robo, utulivu unapungua kwa takriban asilimia 11. Shokapu ya kiwandani inalimudu hilo, kwa kuwa ilitengenezwa ihudumie gari likiwa tupu na likiwa limejaa, na msuguano wa majani yenyewe kwa yenyewe unaisaidia. Ugumu ukiongezwa maradufu, karibu asilimia 30 ya utulivu inatoweka, na hapo gari litaendelea kuyumba baada ya kila tuta. Kwa hiyo kuziacha shokapu kunaheshimu mfuko wa mteja, na papo hapo kunamfunga fundi: anajua ameruhusiwa kuongeza kiasi gani.

Urefu nao una mpaka. Fundi anainua chasisi kwa jeki, anaiweka juu ya stendi, anaacha ekseli ining'inie, kisha anapima shokapu imebakiza kiasi gani kabla ya kufika mwisho wake. Jani lenye upinde mkubwa mno litalipandisha gari hadi shokapu iwe imeshanyooka karibu yote hata gari likiwa limetulia. Baada ya hapo, kila shimo litaivuta kama kamba, na kitakachong'oka ni kishikio chake.

Upinde usipofaa, kuna mtu atashauri jani lichomwe moto na kukunjwa upya. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani, kikazimishwa ghafla, kikapashwa tena kwa joto lililopimwa ili kiwe kigumu bila kuwa kikavu cha kukatika. Moto wa kubahatisha unaiharibu kazi hiyo yote, na kulehemu kunaiharibu zaidi. Wahunzi wetu wanaijua thamani ya chuma hicho. Gari likishakufa, majani yake wanayageuza mapanga na visu.

Kufunga kunataka subira. Yubolti za zamani zimeshavutika, hazirudishwi. Bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya matairi, la sivyo mpira unabaki umejikunja siku zote na kuchanika mapema. Kisha kuna vali ya breki ambayo gereji nyingi huisahau. Kwenye pikapu nyingi vali hiyo imeunganishwa na ekseli kwa fimbo, na inakisia mzigo kwa kuangalia nyuma ya gari imeshuka kiasi gani. Ukiinua nyuma, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma, na gari lenye tani moja linateremka mlimani likizuiwa zaidi na matairi ya mbele. Fundi ambaye hakumaliza kazi yake kabla ya kurekebisha fimbo hiyo, huyo ndiye wa kumpelekea gari lako.

Na magunia yakishashushwa, pikapu ya Mang'ola inarudi tupu. Springi iliyokazwa kwa ajili ya mzigo peke yake itadunda juu ya ile mikunjo ya barabara, na mkia utateleza kwenye kona. Dawa yake ni jani la chini lililonyooka, fupi na nene, linaloachwa na nafasi ili lisiguswe mpaka mzigo uishushe springi juu yake. Gari likiwa tupu jani hilo halina kazi. Fundi huenda kulijaribu gari mwenyewe bila mzigo, kwenye barabara mbovu iliyo karibu, na likidunda analirudisha juu ya stendi, anafungua yubolti na kuongeza nafasi. Mwenye gari anaambiwa arudi baada ya kilomita mia kadhaa ili yubolti zikazwe tena, na hiyo safari ya pili aje akiwa amepakia.